Filingi zinazong'oka kila mwaka na meno ya kung'arisha: kaeni hapa niwaeleze ninachokiona kazini (uzi mrefu)

Mleta uzi

Assalaam aleikum wapendwa. Hii maneno nimekaa nayo moyoni muda mrefu, leo matatu imekwama pale Makupa niko na simu tu nikasema acha niandike yote mara moja.

Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno hapa kisiwani Mombasa, mwaka wa 9 sasa. Kazi yangu ni kushika paipu ya kufyonza mate, kutayarisha dawa, kumulika ile taa ya buluu, na kumshika mgonjwa mkono akiogopa sindano ya ganzi. Si daktari mimi na hapa simtibu mtu. Lakini ukikaa miaka 9 karibu na mdomo wa mtu unaona mambo, na kila wiki naona jambo moja: mtu anakuja na jino alilozibwa mwaka jana, filingi imetoka au chini yake pameoza upya, jino lile lile ashalilipia mara mbili mara tatu, na anauliza swali moja, eti dawa gani ndiyo inadumu?

Ndugu zangu, hapo mwabisha hodi mlango siwo. Dawa ina umuhimu wake na nitaieleza, lakini filingi nyingi nilizoziona zimekufa ziliuliwa na mate na haraka.

Hebu tuanze na hii nyeupe, kompositi, manake ndiyo watu wengi wanayoitaka. Ni rezini, yaani plastiki inayoganda, iliyochanganywa na unga laini wa glasi. Rezini yenyewe imetokana na kazi ya Mmarekani mmoja Rafael Bowen aliyepata hataza yake 1962. Sasa jueni hivi, kompositi peke yake haishiki jino, ukiibandika hivi hivi itatoka na chai ya jioni. Kinachoshika ni asidi na bondi, yaani gundi yake. Daktari wa meno Michael Buonocore, 1955, alikuwa ashaona viwandani watu wanapaka chuma asidi ya fosfori kabla ya rangi ili rangi ing'ang'anie, akajaribu kwenye jino, ikashika. Mpaka leo tunafanya vile vile: asidi inakaa kwenye enameli, lile ganda gumu la nje ya jino, sekunde 15 hadi 30, inachimba vishimo vidogo sana visivyoonekana, ukiosha na kupuliza hewa pale mahali panakuwa peupe kama chaki. Bondi inaingia mle vishimoni, taa inaigandisha, inakuwa kama mizizi imeshika udongo.

Sasa piga picha jino liko tayari, jeupe kama chaki, halafu ulimi unapita pale. Mara moja tu! Mate yana protini zake na zinaziba vile vishimo saa hiyo hiyo, bondi inabaki juu juu. Mgonjwa hajui, kioo kinaonyesha jino zuri, analipa anaenda zake. Baada ya miezi anakula mahamri na mbaazi anahisi kitu kigumu mdomoni, ni filingi hiyo.

Ndio maana kuna lile shuka la raba, linatobolewa tundu, jino linachomoza peke yake na mdomo wote unabaki nyuma ya raba. Si kitu kipya, Sanford Barnum wa New York alilianzisha 1864, lina zaidi ya miaka 160. Lakini ziko kliniki hawalitoi kabatini kwa kuwa linakula dakika tano. Pamba pia inafaa kwa meno ya juu na ya mbele, kama msaidizi yuko macho na anaibadilisha kabla haijalowa. Gego la chini la mwisho kabisa, kule ulimi unapolala, mimi pamba peke yake siiamini.

Lakini kukausha nako kuna mpaka wake. Chini ya enameli kuna dentini na dentini ina nyuzi. Babangu alikuwa mvuvi, mtanielewa nikisema hivi: wavu ukiwa majini unafunguka matundu yote wazi, ukiutoa ukauanika juani unalala unajikunja, huwezi kupitisha hata kidole. Nyuzi za dentini ndivyo zilivyo baada ya asidi. Ukipuliza hewa mpaka ikakauka kabisa zinalala na bondi haipenyi, halafu mgonjwa anakaa wiki nzima jino linamchoma akinywa baridi. Inatakiwa unyevu kidogo, kama unavyopangusa meza, isiwe na dimbwi na isiwe kavu.

Halafu tabaka. Kompositi ikiganda inanywea kidogo, na taa haifiki mbali, kwa hiyo hii ya kawaida inawekwa kama milimita 2 kisha unamulika, milimita 2 tena unamulika. Zipo za siku hizi za kujazia shimo kubwa zinazokubali milimita 4. Mtu akishindilia shimo lote kwa mkupuo mmoja na dawa ya kawaida, juu inakuwa jiwe na chini bado mbichi, na kuta za jino zinavutwa ndani. Na taa yenyewe inachoka! Kwa macho utaiona inawaka buluu vizuri kumbe nguvu imeshuka, lazima ipimwe na kifaa chake. Hiyo taa naishika mimi kwa hiyo naisemea kwa uchungu, nikiisogeza mbali kidogo au nikikata sekunde nne kwa sababu foleni ni ndefu nje, ni jino la mtu hilo nimelipunguzia maisha.

Ntaendelea nikifika nyumbani, sehemu ya kung'arisha nayo ina mambo.

Wa Likoni

Dada umenigusa. Gego langu la chini kulia limezibwa mara tatu kliniki tofauti na mara zote tatu limetoka, ya mwisho nilikaa kwenye kiti dakika kumi na mbili tu nikasema huyu fundi kweli. Kumbe. Swali, nikienda ya nne nimwambie daktari nini bila kumuudhi?

Mzee wa Majengo

Mimi nina ile ya fedha tangu niko bandarini kijana, miaka zaidi ya thelathini, iko pale pale natafunia mahindi ya kuchoma. Hizi nyeupe za watoto wa siku hizi siziamini. Kwa nini hawaweki tena zile?

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Una haki ya kuisifu, amalgamu ni dawa ya kudumu kweli. Ni zebaki karibu nusu, nyingine fedha na bati na shaba, inasukumwa ndani ya shimo lililochongwa likawa pana chini kuliko juu ili isitoke, kwa hiyo haitegemei gundi na mate kidogo hayaiui. Wanaiacha kwa mambo mawili. Kwanza inataka uchonge zaidi hata sehemu ya jino isiyooza ili lipate hilo umbo. Pili ni zebaki yenyewe, kuna Mkataba wa Minamata wa 2013 unaotaka matumizi yake yapunguzwe duniani, umepewa jina la mji wa Japani watu walikokula samaki wenye zebaki ya kiwanda wakaumia vibaya, na nchi za Umoja wa Ulaya zimeacha kuiweka tangu Januari 2025 isipokuwa daktari aone mgonjwa anaihitaji hasa. Sisi watu wa bahari hilo la samaki linatuhusu moja kwa moja. Lakini mzee, ya kwako kama iko imara na pembeni hapajaoza usikubali mtu akushawishi kuitoa kwa ajili ya weupe. Kuichimba ndiko kunakotoa mvuke wa zebaki na kunakula jino.

Kaka wa Likoni, muulize kwa upole tu, "daktari, hili jino utalitenga vipi na mate?" Akikwambia raba, alhamdulillahi. Akikwambia pamba, uliza msaidizi yupo muda wote? Daktari anayejua kazi hatakasirika, wangu mimi akiulizwa hivyo anafurahi. Na baada ya mara tatu shimo lako huenda lishakuwa kubwa sana, ikiwa kuta zimebaki nyembamba filingi ya aina yoyote itashindwa, hapo unataka kofia ya kufunika jino lote, au kipande kinachotengenezwa nje kikaja kubandikwa. Kofia za zirkonia, aina ya kauri, ni ngumu sana zinafaa magego, zile za chuma ndani na kauri nje nazo zinadumu ila kauri inaweza kubanduka kipande. Na kama gego lilifanyiwa rutikanali, yaani matibabu ya mzizi, usikae nalo na filingi tupu miaka, linapasuka wima na likipasuka wima ni kung'oa, nimeyaona mengi mno na yanauma kwa sababu yalikuwa yanaokoleka.

Mama wa Kisauni

Mwanangu ana miaka 6 magego mawili yametoboka, hatulii kwenye kiti hata kidogo, ile taa na raba hawezi kabisa. Nimeambiwa kuna dawa haina mashine ni kweli au wananidanganya?

Mleta uzi

Ni kweli mamangu, hujadanganywa. Inaitwa glasi ayonoma. Inashikana na jino yenyewe kikemia, inavumilia unyevu kuliko kompositi, na inatoa floraidi, madini ya kulinda jino, taratibu. Kuna na njia yake, daktari anakwangua uozo kwa vyombo vya mkono bila mashine kisha anajaza na hiyo dawa anaibana kwa kidole. Na hiyo njia ilianzia kwa majirani zetu Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa sababu vijijini umeme hakuna na watu meno yanawauma, sasa inatumika dunia nzima. Udhaifu wake ni kuwa inalika haraka kwenye kutafuna, lakini jino la utotoni si la maisha, ukipata miaka michache mpaka ling'oke lenyewe inatosha. Mfanyie mapema kabla ya maumivu, mtoto akija akilia kwa jino kila kitu kinakuwa kigumu.

Sasa kung'arisha. Hapa nina yangu.

Kabla sijaingia kazi hii niliteleza pale feri, ile sehemu ya kushukia, jino la mbele likakatika pembe. Nikaenda mahali nikazibwa, rangi ikalingana na meno yangu ya wakati ule vizuri sana sikuamini. Baada ya miezi mitatu ndugu yangu anaolewa, nikarudi pale pale nikataka meno meupe, wakanipaka dawa wakachukua pesa. Meno yote yaling'ara isipokuwa ile pembe! Kwenye picha zote za harusi iko pale ya manjano. Hakuna aliyeniambia kwamba dawa ya kung'arisha haibadilishi rangi ya filingi, wala kofia, wala kauri, inabadilisha jino peke yake. Ikabidi ichimbwe iwekwe upya, na kila ukichimba unapoteza jino kidogo. Mpaka leo mgonjwa akisema anataka kuziba meno ya mbele namuuliza kwanza, una nia ya kung'arisha siku moja? Kama ndio, ng'arisha kwanza.

Na usizibe siku inayofuata. Dawa ni peroksaidi, inaingia ndani ya jino ikivunjavunja rangi, na oksijeni inabaki mle siku kadhaa, oksijeni hiyo inaizuia bondi kuganda. Pia rangi yenyewe inarudi nyuma kidogo kabla haijatulia. Kwa hiyo mnasubiri kama wiki mbili hivi ndipo daktari achague rangi na kuziba. Mtu anayekwambia leo leo tunang'arisha na kuziba yote kwa saa moja, muulize vizuri. Isipokuwa lile shimo linalouma au lililo wazi, hilo linafungwa kabla kwa dawa ya muda, manake peroksaidi ikiingia shimoni utalia.

Njia inayotulia zaidi kwa nilivyoona ni ile ya nyumbani. Daktari anachukua vipimo vya meno, unatengenezewa trei laini ya meno yako wewe, unatia jeli kidogo unalala nayo. Kabamaidi peroksaidi asilimia 10, ambayo ni kama asilimia 3.5 ya haidrojeni peroksaidi, wiki mbili au zaidi. Ilipatikana kwa bahati, daktari mmoja Marekani miaka ya 1960 alikuwa anawapa wagonjwa dawa ya fizi kwenye trei, fizi zikapona na meno yakawa meupe. Madaktari Haywood na Heymann wakaiandika kitaalamu 1989. Ile ya kliniki ya saa moja dawa yake ni kali, asilimia 25 mpaka 40, lazima fizi zifunikwe kwanza na zikigusana na dawa zinageuka nyeupe zinachoma. Inafaa mwenye haraka, lakini meno baadaye yanaweza kukuchoma sana ukinywa baridi, na ile taa kubwa ya kumulika haiongezi kitu kikubwa jamani, kazi inafanywa na dawa.

Binti wa Tudor

Dadangu mimi situmii hayo madawa, ndimu na bakingi soda kila asubuhi wiki moja nimeona tofauti, na unga wa mkaa pia nautumia. Vitu vya asili havina madhara.

Mleta uzi

Mdogo wangu nakuomba kwa mapenzi acha ndimu leo hii. Enameli inaanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 hivi (pH ni kipimo cha asidi, ikiwa ndogo asidi ni kali), ndimu iko karibu na 2. Unailainisha halafu unaisugua. Tofauti uliyoiona ni ngozi ya juu imeondoka, na enameli haioti tena, ikishaondoka ndiyo basi. Chini yake kuna dentini ambayo rangi yake ni ya manjano, kwa hiyo ukiendelea miaka meno yatazidi umanjano na yatakufa ganzi hata kwa maji ya mtungi. Mkaa vile vile unakwangua, na chembe zake zinaingia pembeni mwa filingi zinaacha mstari mweusi. Ukila ukwaju au embe mbichi ya pilipili pia usipige mswaki pale pale, sukutua maji, ngoja nusu saa.

Madoa ya kahawa tungu, chai, tambuu, mabuyu ya rangi, hayo mengi yako nje tu, skelingi (kukwangua uchafu uliogandia jino) na kupolishi yanatoka bila peroksaidi yoyote. Wengi wanaokuja kutaka kung'arishwa wakishasafishwa wanaridhika wanaenda zao. Anzeni hapo.

Wa Mtwapa

Mimi nimezaliwa Naivasha nikaja Pwani kutafuta. Meno yangu ni kahawia tangu yaote, watu wanadhani sipigi mswaki, hata kwenye intavyuu nafunga mdomo. Nimeshanunua kila dawa ya kung'arisha. Kuna tumaini?

Mleta uzi

Kaka pole sana, na wanaokucheka wanakosea, hilo si suala la mswaki. Ni floraidi iliyozidi kwenye maji ya chini ya Bonde la Ufa ulipokuwa mdogo meno yakitengenezwa ndani ya taya, hata Arusha kuna watu wengi hivyo hivyo. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, na kule kuna visima vinapita hapo mbali sana. Kwa kuwa doa liko ndani ya enameli dawa ya meno haiwezi kulifikia.

Tumaini lipo. Kama ni kiasi, daktari anaweza kusugua enameli ya juu kabisa kwa asidi na unga maalum, kidogo sana, kisha ung'arishe kwa trei, na wewe itakuchukua muda mrefu kuliko mwingine, pengine miezi. Jua pia mwanzoni yale mabaka meupe yanaweza kuonekana meupe zaidi, usikate tamaa wiki ya kwanza. Kuna na rezini nyepesi inayopenyezwa kwenye mabaka ikayafanya yafanane na jino. Yakiwa yamechimbika ndipo unafunikwa kwa kompositi au kauri mbele. Anza na ile inayokula jino kidogo ndipo upande. Nimemwona mama mmoja wa kwenu kabisa alipomaliza akakaa kwenye kiti anajitazama kwenye kioo hasemi kitu, nami nikashindwa kuondoa trei ya vyombo.

Wa Bamburi

Jino moja tu la mbele kwangu limegeuka kijivu, niliangukia baiskeli zamani. Ning'arishe hilo peke yake?

Mleta uzi

Usinunue chochote kwanza, piga picha ya eksirei. Jino kijivu baada ya kuanguka mara nyingi mshipa ndani umekufa na linaweza kuwa na usaha kwenye mzizi bila kuuma. Likitibiwa mzizi, dawa ya kung'arisha inawekwa ndani ya jino lenyewe kwa nyuma, inafungwa, unarudi baada ya siku chache inabadilishwa mpaka rangi ilingane. Jino halichongwi kwa mbele hata kidogo.

Na wote mnaoniuliza inboksi daktari gani, sitaji mtu. Ingieni tovuti ya KMPDC, baraza la kusajili madaktari Kenya, mtafute jina la huyo daktari na la kliniki kama wamesajiliwa. Peroksaidi kali mkononi mwa mtu wa saluni mimi siipendi, nimeshawaosha fizi zilizoungua. Wajawazito nao wasubiri wajifungue.

Wa Likoni

Mrejesho. Nimetoka sasa hivi. Raba niliwekewa, mwanzo nilihisi kukabwa nikazoea. Dakika 50, tabaka nne nimehesabu, halafu utepe wa chuma na kabari pembeni, mwisho akapitisha uzi kati ya meno ukakwama kidogo ndio ukapita, akasema hapo chakula hakitaingia. Sasa ganzi imetoka nikifunga mdomo hilo jino linagusa kwanza kabla ya mengine, nyumbani wananiambia litajizoea.

Mleta uzi

Mashallah, huo uzi kukwama kidogo ndio unaotakiwa. Lakini kaka kesho asubuhi vuka feri urudi, usingoje lijizoee. Ukiwa na ganzi uling'ata ile karatasi ya rangi ya kupima meno yanavyogusana bila kuhisi, kwa hiyo pamebaki mahali pamenyanyuka. Ukitafunia hivyo jino litauma mpaka kwenye mzizi, au filingi ipasuke. Atakung'atisha tena karatasi ukiwa huna ganzi, atapunguza pale palipo na alama na kupolishi, dakika tano tu, na kwa kawaida hiyo hailipishwi. Leo usiku tafunia upande wa pili.